Maiki gani ya USB itafaa nyumba ya bati?

Shikamoo Anko Fundi,

Mimi ni fundi cherehani, naishi Kiloleni hapa Tabora mjini. Zamani nilifundisha chekechea, na mazoea ya kuwasimulia watoto hayajaniisha. Mwaka jana nilianza kurekodi kwa simu ngano alizotusimulia bibi yetu kule Sikonge, zile za sungura na fisi na ya msichana aliyechukuliwa na zimwi. Nasimulia kwa Kiswahili ila nyimbo zake naziacha kwa Kinyamwezi kama alivyoziimba mwenyewe. Nawatumia wazazi kwenye kundi la WhatsApp, nao wananichangia kidogo kidogo mwisho wa mwezi. Si hela ya kujengea, lakini pamoja na barafu ninazouza hapa nyumbani, bando na sukari vinapatikana.

Sasa kuna redio moja ya hapa hapa imenisikia. Wana nafasi ya dakika 15 Jumamosi asubuhi kwenye kipindi cha watoto, wakasema nipeleke za kujaribia. Nikapeleka tatu. Kijana wa studio akanipigia, kwa heshima kabisa, akasema: "Mama, usimulizi ni mzuri, ila sauti inatoka kama uko ndani ya pipa, na nyuma kuna mngurumo haukatiki. Tafuta maiki urekodi upya, utuletee WAV ya mono." Nikaitikia sawa sawa, kumbe hata hiyo WAV ya mono siijui.

Nimeweka akiba shilingi 200,000 na siwezi kuzidisha, Januari kuna ada. Dukani mjini wamenionyesha maiki nyeusi imeandikwa BM-800, seti nzima na mkono wa chuma na sponji, 75,000. Muuzaji anasema ni kondensa ya studio na inaingia USB. Shemeji yangu wa Dar es Salaam anasema niachane nayo, ana rafiki anauza Blue Yeti iliyotumika kwa 200,000 hiyo hiyo, na kwamba ndiyo wanayotumia wakubwa. Mdogo wangu naye hataki kusikia habari ya kondensa, anasema nitafute dainamiki kwa sababu haishiki kelele. Kila mmoja ana uhakika kuliko mwenzake, mimi ndiye nimebaki katikati.

Mazingira yangu ni haya. Nyumba ni ya tofali za kuchoma na bati, sebule haina dari. Narekodia hapo sebuleni usiku watoto wakishalala, simu naiweka mezani. Jirani ana mashine ya kusaga, huwa anazima saa mbili usiku, nami nangoja azime. Kuna mwembe umeinamia bati letu, na msimu wa maembe unaujua mwenyewe. Chumba cha kushonea kipo lakini ni kidogo, kimejaa vitambaa hata pa kugeukia hapana, kwa hiyo sikitumii kwa kazi hii. Kompyuta ninayo, ile ya kukunja, ya mtumba, feni yake inavuma ikipata joto.

Ninunue ipi, Anko? Na nikinunua, hilo pipa litaisha?

Mama Nyamizi,
Kiloleni, Tabora

*

Marahaba Mama Nyamizi, na hongera kwa kusikika.

Naanza na swali lako la mwisho kwa sababu ndilo litakalokuokolea hela. Pipa haliishi kwa kununua maiki. Chukua yoyote kati ya hizo ulizotajiwa, iweke mezani pale pale unapoweka simu, na yule kijana atakupigia tena, safari hii bila upole. Pipa analolisikia ni sebule yenyewe. Unapotamka neno, sauti inafika kwenye maiki moja kwa moja, halafu ile ile inagonga ukuta, inagonga sakafu ya saruji na bati, na kurudi ikiwa imechelewa sehemu ndogo ya sekunde. Wewe uliye mle ndani sikio limeshazoea, halijali. Maiki haichagui, inazoa vyote, na ya bei kubwa inazoa vizuri zaidi.

Sasa, kitu kilichonifurahisha kwenye barua yako umekitaja kwa kukidharau: chumba cha kushonea. Kidogo, kimejaa vitambaa, pa kugeukia hapana. Mwanangu, wenye studio wanalipa hela nyingi kukipata chumba cha namna hiyo, wewe unacho na umekifungia mlango! Simama katikati ya sebule upige kofi moja kali, usikilize. Utasikia mkia mfupi wa sauti unaning'inia baada ya kofi. Halafu nenda chumba cha kushonea upige tena. Kama vitambaa ni vingi kama ulivyoeleza, kofi litakatika hapo hapo. Huo mkia ndio pipa la kijana wa studio.

Namna ya kukaa ndani yake ina maana. Wengi hufunika ukuta ulio nyuma ya maiki na kuacha ule ulio nyuma ya mgongo wao, wakati maiki inatazama huko huko mgongoni kwako. Kwa hiyo kaa ukiupa mgongo ule upande wenye marundo makubwa, majora na nguo za wateja zilizotundikwa, kisha mbele yako ning'iniza blanketi zito. Kitenge kimoja hakitoshi, ni chepesi. Kitapunguza ukali wa juu tu na kuacha yale mazito yaendelee kuvuma. Blanketi, au godoro lililosimamishwa, ndilo linalofanya kazi. Kama chumba hicho nacho hakina dari, funga blanketi jingine juu ya kichwa kwa kamba nne, kona kwa kona. Trei za mayai acha ziende na mayai, hata kama umeziona zimepangwa kwenye kuta za studio fulani za mtaani. Ni karatasi nyepesi isiyo na unene wa kunyonya sauti, na kuzuia kelele ya nje ndiyo haiwezi kabisa.

Mngurumo nao. Umesema jirani anazima mashine saa mbili, na wewe unarekodi baadaye. Basi si mashine. Lakini umesema pia unauza barafu, na mwenye kuuza barafu ana friji, na nyumba nyingi friji linakaa sebuleni. Nadhani umenielewa. Lichomoe kabla hujaanza, nusu saa barafu hazitayeyuka, na ufunguo wa mlango wa nje uweke ndani ya friji. Sina utani hapo: asubuhi ukitaka kutoka utaukumbuka ufunguo, na utalikuta friji halijawashwa, kabla hujamwaga barafu za siku nzima.

Kabla hujatoa hata shilingi, fanya jaribio. Usiku wa leo ingia chumba cha kushonea na hiyo hiyo simu, friji likiwa limezimwa, simu ukiiweka hali ya ndege isije ikalia. Iegeshe juu ya kitu, isiguse meza tupu, kama sentimita 15 kutoka mdomoni, pembeni kidogo. Simulia dakika mbili. Linganisha na rekodi ya zamani kwa hedifoni za waya. Nina uhakika utashtuka. Pengine hata redio wataikubali hiyo, na laki mbili zako zikaenda kwenye ada. Simu za siku hizi zina maiki nzuri kuliko tunavyozisifia. Kinachoziangusha ni kuwekwa mbali.

Umbali ndio jambo ambalo shemeji, mdogo wako na muuzaji wote wamelisahau, na ndilo linaloamua ubishi wao. Kila unapopunguza nusu ya umbali kati ya mdomo na maiki, sauti yako inaongezeka kwa desibeli 6 hivi (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Simu yako pale mezani nakadiria ilikuwa sentimita 40 kutoka kwako. Ukiisogeza hadi 20 umepata desibeli 6. Ukija 10 umepata 12. Friji, mwembe, mbwa wa jirani na mlio wa nyenje havijapanda hata desibeli moja, maana vyenyewe viko pale pale vilipokuwa. Kisha unapunguza nguvu ya maiki ili sauti yako isipasuke, na kelele zote zinashuka pamoja. Hakuna kifaa cha 200,000 kitakachokupa faida hiyo ukiwa mbali.

Hapo ndipo mdogo wako ana nusu ya ukweli. Dainamiki ina koili ya waya iliyoshikamana na kiwambo, vikitikisika pamoja ndani ya sumaku. Ule ni mzigo, unataka msukumo wa hewa wa karibu. Kondensa ina kiwambo chepesi mno chenye chaji ya umeme mbele ya bamba la chuma, nacho kinashtushwa na kitu kidogo. Watu wakaona hivyo wakasema dainamiki haishiki kelele. Inashika. Ukizikalia zote mbili kwa umbali mmoja, ukaongeza nguvu hadi sauti zako zilingane, mbwa utamsikia kwenye zote mbili. Ila dainamiki inakulazimisha usogee: ukikaa mbali inakupa sauti ndogo yenye mchirizo, unajirekebisha. Kondensa inakuvumilia, unasogea nyuma taratibu bila kujua, ukija kusikiliza umerekodi mtaa mzima. Kwa mtu anayeanza, kwenye nyumba ya bati, mimi namchagulia ile isiyomvumilia.

Sasa hizo ulizotajiwa. BM-800 si ya kampuni moja. Ni umbo ambalo viwanda vingi vya China vinatoa, kila kimoja na vitu vyake ndani, na ndiyo maana huwezi kusikia sifa zake kwa jirani ukategemea yako itakuwa vile vile. Nyingi zake si za USB kabisa. Igeuze uangalie mkiani. Ukikuta tundu la duara lenye pini tatu, hilo linaitwa XLR, na waya unaokuja nao mara nyingi unaishia kwenye pini ya hedifoni. Hicho kidude cha USB wanachokuongezea kwenye boksi ni kadi ndogo ya sauti ya bei rahisi. Kondensa ya aina hiyo imeundwa ilishwe volti 48, na bandari ya USB yenyewe inatoa volti 5 tu. Kile kidude kinaipa volti chache, kwa hiyo itaita, itarekodi, lakini sauti itakuwa ndogo na ule mchirizo wa "shhhh" utakuwa mkubwa. Ukitaka ifanye kazi yake inabidi ununue kisanduku cha kutoa volti 48 na kadi ya maana, na hapo 75,000 imeshasahaulika. Muuzaji hajakudanganya kwamba ni kondensa wala kwamba inaingia USB. Anakuuzia tu mbuzi kwenye gunia.

Blue Yeti ni maiki nzuri, sitaitukana. Ni kondensa yenye vinasa vitatu ndani na njia nne za kusikiliza: mbele tu, pande zote, mbele na nyuma, na stereo. Wewe unahitaji moja tu kati ya hizo, ile ya mbele tu, yenye alama ya moyo. Nimeshasikia rekodi nyingi za Yeti zilizoharibiwa na mambo mawili. Kitasa cha nyuma kimeachwa kwenye alama ya duara, yaani pande zote, maiki inasikia chumba kizima. Au mtu anaongea na kichwa cha maiki kwa juu, wakati Yeti inasikilizia ubavuni, upande wenye nembo. Kama shemeji atakuletea hiyo na bei isishuke, mimi ningesita kwa sababu moja zaidi: ni ya mtumba, na hela yote inaishia hapo. Usibakize hata ya hedifoni? Yeti za zamani pia hutumia tundu la mini-USB, ambalo si la chaja za simu za sasa, na likilegea ndiyo basi, kila ukigusa waya sauti inakatika.

Ninayokupendekezea ni dainamiki ya USB yenye tundu la hedifoni ubavuni. Inayojulikana sana ni Samson Q2U. Ina USB na pini tatu vyote viwili, unaongea na kichwa chake kwa mbele kama mshereheshaji wa harusi, na ukija kupata mashine ya studio huko mbele bado utaitumia. Marekani imewahi kuuzwa karibu dola 70, kwa hiyo ikifika huku na usafiri na faida ya muuzaji inaweza ikakupita. Fifine AM8 ni ya aina hiyo hiyo, dainamiki, USB na pini tatu, hedifoni ipo, na mara nyingi bei yake iko chini ya Q2U. Ina taa za rangi ambazo vijana wa gemu wanazipenda. Wewe zizime uendelee na kazi. Kwa akiba yako, ningeanza kuitafuta hii. Ukikosa zote, ukikutana na Fifine K669 ambayo Marekani imewahi kuuzwa dola 30 hivi, usiikimbie kwa sababu ni kondensa. Ndani ya chumba chako cha vitambaa, ukiikaribia, itakupa sauti ya kupeleka redioni. Kasoro yake kwangu ni kwamba haina tundu la hedifoni, hivyo huwezi kujisikia mwenyewe ukiwa unarekodi.

Hilo la kujisikia nalisisitiza kwa sababu ndiyo shule yenyewe. Ukivaa hedifoni zilizochomekwa kwenye maiki unasikia papo hapo kiti kinapolia, bangili zinapogongana, au unapogeuza kichwa kuangalia daftari na sauti kukimbia. Yoyote ya waya itakutosha kwa sasa, hata za simu. Za bluetooth hapana, zinachelewesha sauti, utajichanganya ulimi.

Usidanganywe na namba za kwenye boksi. Utakuta moja imeandikwa 192 kHz, yaani sauti inapimwa mara 192,000 kwa sekunde, na nyingine 48, na muuzaji atakuambia ya kwanza ni mara nne. Sikio la binadamu linaishia karibu 20 kHz, na la watu wazima hata hapo halifiki, na kuinasa sauti hiyo kunataka vipimo vya zaidi kidogo ya mara mbili yake tu. CD zimetumia 44.1 kHz na biti 16 tangu 1982, na hakuna aliyelalamika kwamba mwimbaji hasikiki. Kwa sauti ya kusimulia, 44.1 au 48 inatosha kabisa.

Ukienda dukani beba kompyuta yako na hedifoni. Mwambie muuzaji unataka kuichomeka. Akikataa, rudi nyumbani, maduka ni mengi. Akikubali, rekodi nusu dakika ya kunyamaza, kisha simulia kidogo, halafu tikisa waya taratibu kwenye tundu huku unarekodi. Sikiliza ile sehemu ya kimya kwanza: mchirizo mdogo ni kawaida, mvumo mzito au mlio mwembamba kama mbu si kawaida. Kama inatoka Kariakoo kwa basi, muuzaji akutumie video akiwa ameichomeka, jina la maiki likionekana kwenye kompyuta, na mkubaliane kwa maandishi nani anabeba hasara ikifika imekufa.

Kichujio cha pumzi usinunue. Wewe ni fundi cherehani, una fremu ya kudarizia. Ivalishe soksi ndefu ya nailoni, tabaka mbili, isimamishe kati ya mdomo na maiki. Unaanza kila hadithi kwa "Paukwa!", na P hiyo inatoa kishindo cha pumzi kinachopiga kiwambo mpaka spika ya redio inatoa "buu".  Soksi inapunguza sehemu, sehemu nyingine inapunguzwa na kuiweka maiki pembeni kidogo ya mdomo, ikiwa imeelekezwa mdomoni lakini pumzi ikipita kando yake. Jaribu "Paukwa" tatu nne kabla ya kila rekodi hadi ile "buu" ipotee.

Umbali wa dainamiki uwe kama upana wa kiganja, sentimita 8 hadi 10. Ukisogea karibu zaidi ya hapo sauti inanenepa, besi inaongezeka. Hiyo usiiogope, itumie: zimwi likiongea, sogea, msichana akijibu, rudi. Ila ukifika kwenye nyimbo za bibi, rudisha kichwa nyuma, maana watu wakiimba hupaza bila kujijua, na sauti iliyopasuka hairekebishiki na programu yoyote. Maiki isikae juu ya meza ya cherehani bila kitu chini yake. Kunja kanga mara kadhaa, iweke juu yake.

Kompyuta yako ya mtumba isogeze mbali, na iwe nyuma ya maiki, kwa sababu maiki inayosikiliza mbele tu, ile ya alama ya moyo, kisogoni kwake ndiko inakosikia kidogo zaidi. Waya wa USB wa mita mbili tatu hauna shida. Ukipita mita tano ndiyo matatizo huanza. Chomoa chaja wakati wa kurekodi. Chaja nyingi za mtumba huingiza mvumo kwenye sauti, na ukitumia betri hata umeme ukikatika katikati ya hadithi hupotezi kitu. Kama betri imekufa, tafuta betri kabla ya maiki.

Programu tumia Audacity, ni ya bure na haisumbui kompyuta za zamani. Kwenye sehemu ya kuchagua maiki hakikisha umechagua jina la maiki yako mpya, kwa sababu kompyuta hupenda kubaki na ile yake ya ndani, na watu wanarekodi hadithi nzima wakidhani wanatumia mpya. Chagua mono, maana yake njia moja ya sauti badala ya mbili za kushoto na kulia. Wewe ni mtu mmoja na mdomo mmoja, ya pili haina kazi ila kuongeza uzito wa faili. Ukisimulia kwa nguvu, kipimo cha sauti kiwe kinacheza kati ya desibeli -12 na -6, kisifike 0 hata mara moja. Mwanzoni kaa kimya sekunde kumi, hiyo ni sampuli ya ukimya wa chumba, utaitumia kwenye kipunguza kelele. Kitumie kidogo tu. Ukizidisha sauti inakuwa ya majimaji na kijana atakupigia tena.

Embe likidondoka kwenye bati katikati ya sentensi, usizime. Nyamaza, subiri litulie, piga kofi moja karibu na maiki, kisha rudia sentensi nzima kutoka mwanzo. Baadaye ukiangalia mchoro wa sauti, lile kofi litaonekana limesimama peke yake, unakwenda moja kwa moja pale unakata. Mvua haina dawa. Bati likishaanza, funga kazi. Mvua za Tabora zinaanza Novemba na kwenda hadi Aprili, kwa hiyo ukikubaliwa na redio, jiwekee hadithi za akiba wakati wa kiangazi, usije ukaingia Jumamosi huna kitu.

WAV ni faili ambalo halijabanwa. Kwa mono ya 44.1 na biti 16 linakula megabaiti 5 na kidogo kwa dakika, hivyo dakika 15 ni karibu 80. Ulipeleka hadithi zako redioni kwa njia gani? Kama ulizituma kama sauti ya WhatsApp ile ya kubonyeza na kuongea, ilibanwa sana njiani, na hiyo nayo imechangia. Wapelekee kwa flashi, ni mjini hapo hapo. Au tuma kama hati, siyo kama sauti, litafika kama lilivyotoka. Kundi la wazazi liachie MP3, bando zao ni ndogo.

Ukifanya lile jaribio la simu chumba cha kushonea, nitumie dakika hizo mbili kwa njia ya hati, nusu dakika ya mwanzo ukiwa umenyamaza. Nikiisikia ile sehemu ya kimya nitakuambia kama uende dukani au usubiri ada ilipwe kwanza.

Anko Fundi